Kitabu cha Mto na Kirusi cha Panya

Kitabu cha Edward Hooper, The River, kilitoka mwaka 1999. Kina kurasa zaidi ya 1,000, na msomaji wa Kasulu hakisomi kama anavyokisoma msomaji wa London. Kinachotutenganisha ni majina ya mahali. Huku unakutana na majirani kila baada ya kurasa chache: Bujumbura, Bukavu, Kisangani enzi ikiitwa Stanleyville, na zaidi ya yote bonde la Ruzizi, mto unaoingia Ziwa Tanganyika kwa upande wa kaskazini. Watu wenye ndugu na makaburi ng'ambo ile wamo humu wilayani, katika kambi ya Nyarugusu, tangu 1996. Kwa msomaji wa mbali Ruzizi ni mstari kwenye ramani. Kwetu ni nyumbani kwa mtu unayemfahamu.

Dai la kitabu ni zito, na ni haki kulieleza kama mwenyewe anavyolieleza. Kati ya 1957 na 1960, katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi, watu walipewa chanjo ya matone ya polio iliyoitwa CHAT, kazi ya mtafiti Hilary Koprowski. Katika bonde la Ruzizi peke yake watu zaidi ya 200,000 waliinywa mwaka 1958. Chanjo ya polio hukuzwa ndani ya seli hai, mara nyingi seli za figo. Karibu na Stanleyville, mahali paitwapo Lindi, palikuwa na kambi ya sokwe waliokamatwa kwa ajili ya utafiti. Hooper anasema figo za baadhi ya sokwe hao zilitumika kukuzia chanjo, kirusi cha sokwe kikapenya humo, na hicho ndicho kilichokuja kuwa VVU. Koprowski na wenzake walikana kwamba figo za sokwe zilitumika.

Nimekisoma mara mbili, na mara ya pili kilinishika kuliko ya kwanza. Hooper aliishi na kuripoti Afrika Mashariki wakati UKIMWI unaingia. Kabla ya hiki alikuwa ameandika kitabu kingine, Slim, kuhusu miaka hiyo. Anahoji mamia ya watu, anarudi kwa waliomfukuza, anafungua majalada ya wakoloni ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Mwanabiolojia mashuhuri W. D. Hamilton alikiandikia utangulizi, kisha akafanya jambo ambalo waandika utangulizi wengi hawalifanyi: alisafiri hadi Kongo mwaka 2000 kukusanya kinyesi cha sokwe ili dai lipimwe. Akarudi mgonjwa, akafa London mwezi Machi. Kijana mmoja aliyekwenda naye msituni, Michael Worobey, ndiye miaka minne baadaye alichapisha katika jarida la Nature ushahidi kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni wa ukoo tofauti na VVU. Mwandishi wa riwaya akibuni mambo haya tutamwambia ametia chumvi.

Kwa hiyo ugomvi wangu na kitabu hiki hauhusu uvivu wala nia mbaya. Unahusu umbo. Mto. Jina lenyewe linamwambia msomaji afanye nini: panda juu, pita kila maungio, usisimame mpaka ufike kwenye chimbuko. Na mtu akifika kwenye chimbuko anategemea kukuta mtu amesimama hapo.

Sisi wa Kigoma tunaujua mchezo huu, maana ulichezewa kwetu. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi Ujiji wakaenda hadi mwisho wa ziwa, kwa mto uleule wa Ruzizi, kuona kama maji yanatoka ziwani kuelekea Naili. Wakakuta yanaingia. Safari nzima ya kutafuta chimbuko ikaishia kwenye mdomo wa mto uliokuwa ukija upande wao. Hata leo Burundi wana piramidi yao ndogo kule Rutovu kuonyesha Naili inapoanzia, na Rwanda wanakuelekeza Nyungwe. Malagarasi wetu ndio kabisa. Unaanzia milima ya mpakani na Burundi, unaizunguka Kibondo na Kasulu kama mtu anayekwepa deni, unapokea Muyovozi kwenye mabwawa, unapokea Ugalla, ndipo unageuka magharibi kuingia ziwani. Simama darajani Uvinza uulize maji haya ni ya chimbuko lipi.

Ili nionyeshe umbo hili linaharibu nini, itabidi niiache Kongo kwa muda niende Ohio, Marekani, kwenye hadithi fupi ambayo haikupata kitabu kinene na ambayo naiona imesimuliwa vizuri zaidi.

Mwaka 2006 watafiti wa Cleveland na San Francisco walitangaza wamekuta kirusi kipya ndani ya uvimbe wa saratani ya tezi dume. Kilifanana na virusi vya panya, kikaitwa XMRV. Oktoba 2009 kundi lingine, Judy Mikovits akiwa mmoja wa viongozi wake, likaandika katika jarida la Science kwamba limekikuta kwa wagonjwa 68 kati ya 101 wenye ugonjwa wa uchovu sugu, na kwa watu 8 tu kati ya 218 wasiougua. Wagonjwa hao walikuwa wameambiwa miaka mingi kwamba wanajifanyisha. Sasa walikuwa na kirusi, tena cha jamii ileile ya VVU. Baadhi yao wakaanza kumeza dawa za kufubaza VVU. Canada, Australia na Uingereza zikawazuia wenye ugonjwa huo kuchangia damu.

Hapa nieleze kidogo namna virusi hivi vinavyoishi, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Retrovirusi hubeba maandishi yao kwa RNA, na wakiingia ndani ya seli huyageuza kuwa DNA na kuyashonea kwenye vinasaba vya mwenyeji. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo kiligunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake. Baltimore alikikuta ndani ya kirusi cha panya. Kirusi kikijishonea kwenye yai au mbegu ya kiume, mtoto atakayezaliwa atakuwa nacho katika kila seli, na wajukuu pia. Panya wamejaa maandishi ya namna hiyo, mengi yakiwa mabovu, yamepoteza vipande, hayawezi tena kutoa kirusi kamili. Mengine yana tabia ya ajabu: kirusi hakiwezi kumwambukiza panya aliyekizaa, lakini kikiwekwa kwenye seli za mnyama mwingine kinastawi. Herufi X katika XMRV inatokana na tabia hiyo.

Jambo la pili ni kwamba kila chembe ya retrovirusi hubeba nakala mbili za RNA, na kimeng'enya kinaponakili hurukaruka kati ya moja na nyingine. Mfikirie mnakili wa utenzi aliyewekewa miswada miwili mezani: ananakili beti kumi za huu, macho yanaruka, anaendelea na beti sita za ule, kisha anarudi. Akimaliza ana mswada wa tatu ambao ni kamili, unasomeka, na hakuna mshairi aliyewahi kuutunga hivyo. Waliohariri tenzi za zamani wanajua taabu hii. Ukishapata mswada wa namna hiyo, swali la nakala mama ipi linakosa jibu la neno moja. Na kama mswada mmoja umeliwa na mchwa mwanzoni na mwingine mwishoni, mnakili wetu anaweza kutoa kitu kizima kutokana na vitu viwili vibovu.

Ndivyo ilivyokuwa. Uvimbe wa mgonjwa mmoja, ulioitwa CWR22, ulikuwa umepandikizwa kwenye panya wasio na manyoya wala kinga ya kutosha, ukahamishwa kutoka panya hadi panya ili uendelee kukua. Kutokana nao zikapatikana seli za maabara ziitwazo 22Rv1, zikagawiwa kwa watafiti duniani kote. Mwaka 2011 Vinay Pathak, John Coffin na wenzao walifungua akiba ya uvimbe uliohifadhiwa kwa hatua zake. Wa mwanzo haukuwa na XMRV. Wa baadaye ulikuwa nayo. Ndani ya panya wenyewe walikuta maandishi mawili, nusu huku nusu kule, ambayo yakiunganishwa yanatoa XMRV. Kati ya 1993 na 1996, ndani ya panya wa maabara, mnakili aliruka. Walikadiria kwamba uwezekano wa muungano uleule kutokea tena mahali pengine kwa bahati ni karibu moja kwa trilioni. Kirusi cha wagonjwa hakikutoka kwa wagonjwa. Kilitoka kwenye seli zilizokuwa zikizunguka maabara.

Mkulima wa Kibondo hahitaji kuelezwa sana hapo. Mhogo hatuupandi kwa mbegu, tunaupanda kwa pingili, na pingili huombwa kwa jirani. Ukipewa pingili yenye batobato, umepewa mbegu na ugonjwa kwa mkono mmoja. Batobato kali lililoanzia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, likafika Kagera na kuteremka hadi mkoa wetu, lilikuwa na kirusi ambacho watafiti walikisoma mwaka 1997 wakakuta ni cha kuungwa: mwili wa kirusi cha mhogo cha Afrika Mashariki, na katikati ya jeni ya ganda lake kipande cha kirusi kingine cha mhogo wa Afrika. Hicho si retrovirusi, na muungano wake haukutokea kwenye chupa bali shambani, ndani ya mmea ulioambukizwa na vyote viwili. Lakini anayeona majani yamejikunja hukimbilia kuuliza pingili hii ameitoa wapi, na hapo hapo anajua jibu litampeleka kwa jirani, si kwa mchawi. Seli za 22Rv1 zilikuwa pingili.

Kilichonivutia kama msomaji ni aina ya ushahidi ulioiangusha XMRV hata kabla ya panya kufunguliwa. Mwishoni mwa 2010 watafiti wa Uingereza, Greg Towers akiwa miongoni mwao, waliangalia tofauti. Kirusi kinachotembea kutoka mtu hadi mtu hubadilika njiani, kama habari inayosafiri kutoka Mabamba hadi Kasulu mjini. Virusi vilivyodaiwa kutoka kwa wagonjwa wa sehemu mbalimbali vilifanana mno. Na tofauti zilizokuwa ndani ya seli za 22Rv1 peke yake zilizidi tofauti za wagonjwa wote. Yaani chupa ilikuwa na historia ndefu kuliko wagonjwa. Science ikaiondoa makala ya 2009 mwezi Desemba 2011. Mwaka uliofuata Ian Lipkin na wenzake waliwapima wagonjwa 147 na watu 146 wasiougua, Mikovits mwenyewe akishiriki, na kirusi hakikuonekana kwa mtu hata mmoja.

Sasa turudi kwa Hooper. Hadithi ya panya inamtendea mambo mawili kwa wakati mmoja, na nadhani wakosoaji wake wengi wanataja moja tu.

La kwanza ni kwamba wasiwasi wake haukuwa wa kipumbavu. Kuchanganya seli za wanyama kunaweza kuzaa kirusi ambacho hakikuwepo duniani, na kinaweza kusambazwa na watu wenye nia njema kabisa wasiojua wanachogawa. Wanasayansi waliomcheka kwa kulisema hilo mwaka 1999 walipaswa kucheka kwa sauti ndogo zaidi.

La pili ni kwamba kuwezekana si kutokea, na njia ya kutofautisha ni ileile ya kuhesabu tofauti. Chupa chache za CHAT zilizokuwa zimehifadhiwa zilipimwa, na matokeo yakatolewa 2000 na 2001: hakuna seli za sokwe, bali za kima. Tofauti zilizomo katika VVU duniani zilipohesabiwa kurudi nyuma, mzizi wa kundi kuu ulitua karibu na 1931, na hesabu za 2008 zikausogeza hadi karibu na 1908, miaka mingi kabla ya matone ya kwanza. Watetezi wa kitabu walijibu kwamba VVU huungana mno, na muungano huvuruga saa ya namna hiyo. Ni hoja nzuri, na ni hoja ya watu waliosoma. Lakini angalia inawagharimu nini. Anayesema virusi hivi vimesukwa na kusukwa upya kiasi kwamba huwezi kuhesabu nyuma, hawezi tena kukuahidi mto wenye chimbuko moja. Kisha Worobey mwaka 2004 hakuhitaji saa. Alihitaji sokwe wa Kisangani tu, na ukoo wao haukulingana. Ndugu wa karibu wa VVU wako mbali, kusini-mashariki mwa Kamerun.

Hapo ndipo umbo linapolipiza. Kitabu cha kurasa 1,000 kilichojengwa kama safari ya kwenda kwenye chimbuko hakina mahali pa kuweka jibu la "si hapa". Makala ya Pathak na Coffin ni kavu, haina hata mtu mmoja unayeweza kumkumbuka kwa uso, mgonjwa mwenye uvimbe ule amebaki herufi tatu na tarakimu mbili. Hata hivyo inajua kusimulia maungio: hiki kilitoka huku, kile kule, walikutana hapa, kati ya mwaka huu na ule. Haihitaji mhalifu ili iishe. Nisingependa kuisoma kitandani, lakini hadithi yake inasimama.

Hasara ya umbo nimeiona mlangoni kwangu. Septemba 2023 palikuwa na kampeni ya matone ya polio mkoani Kigoma na mikoa jirani, baada ya kirusi kugundulika Rukwa. Mama mmoja wa mtaani alinisimamisha, mtoto mgongoni. "Mwalimu, eti haya matone si ndiyo yaliyoleta UKIMWI?" Nikamwambia hapana, na nikamweleza ya Kisangani kwa ufupi. Akaniuliza la pili: "Na hiyo polio ya Rukwa imetoka wapi?" Swali hilo lilikuwa gumu kuliko la kwanza, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba kirusi cha Rukwa kilitokana na chanjo: kirusi dhaifu cha matone, kikizunguka muda mrefu mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, hubadilika, mara nyingi huungana na virusi vingine vya tumboni, kikapata nguvu tena. Dawa yake ni kuchanja watoto wengi zaidi, ndiyo maana ya kampeni. Nilimwambia hivyo, mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo chanjo ilikosea ikaja kujisahihisha," akasema. Sikuona haja ya kuongeza neno. Mtoto alipakwa wino kidoleni.

Mtu aliyelelewa kwenye hadithi za mto angesikia nusu ya kwanza tu ya maelezo yale. Na hadithi hizo hazifi zikikanushwa. Mikovits, makala yake ikiwa imeshaondolewa, alitokea Mei 2020 kwenye video ya Plandemic akitoa madai ya uongo kuhusu chanjo na barakoa, na video ile ilitazamwa na mamilioni kabla ya kufutwa mitandaoni.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna deni letu. Mara ngapi nimesoma kwamba UKIMWI "ulitoka kwa nyani"? Nyani si sokwe, na katika mkoa wenye Gombe mtu hana udhuru wa kuwachanganya. Sokwe wa Gombe wana kirusi cha jamii hiyo kweli. Mwaka 2009 utafiti katika Nature, Watanzania Jane Raphael, Shadrack Kamenya na Titus Mlengeya wakiwa miongoni mwa waandishi, ulionyesha kwamba sokwe walioambukizwa pale walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri uleule. Wao nao wanaugua. Lakini kirusi chao si mzazi wa VVU. Ni binamu wa mashariki. Neno moja lililotumiwa ovyo linamfanya mwanafunzi wa Kigoma adhani balaa lilitoka nyuma ya kilima chake.

Na hata ukipanda hadi kwa sokwe wa Kamerun, ukaweka piramidi yako hapo, bado hujafika. Mwaka 2003 Elizabeth Bailes na wenzake walionyesha kwamba kirusi cha sokwe chenyewe ni cha kuungwa, kutokana na virusi vya spishi mbili za kima, wanyama ambao sokwe huwawinda na kuwala. Chini mtoni hali ni ileile. Mbeya, ambako aina A, C na D za VVU zilikutana, watafiti walikuta sehemu kubwa ya virusi vya watu ni miunganiko, na iliyotofautiana mtu na mtu.

Seli za 22Rv1 bado zinauzwa na bado zinatumika, maana kwa utafiti wa saratani ya tezi dume ni seli nzuri. Zinasafirishwa zikiwa zimegandishwa, na kirusi kimo ndani. Siku hizi mnunuzi hupewa taarifa.